Wanja wa Chuma

Difu ya kwanza ilifia Chikundi,
magunia arobaini ya korosho mgongoni,
mvua ya kwanza inanukia barabarani.
Haikufa kimya. Ilivuma tangu Masasi
kama mama mkwe anayenung'unika jikoni:
unajua atasema, hujui lini.
Halafu kakh!
na Kanta yangu ikawa kibanda kando ya njia.

Fundi wa nyuma ya stendi wanamwita Dakika,
naye jina analipenda.
"Saa sita mchana, Bi Somoe, unapiga honi."
Akaweka pinyoni mpya, inang'aa
kama jino la dhahabu la bwana harusi.
Krauni akaiacha. "Hii bado ina uhai."
Saa sita kweli nikapiga honi.
Tuseme ukweli: niliipenda bei
kuliko nilivyolipenda gari.

Siku arobaini na tatu.
Nilizihesabu baadaye, kama mtu anayehesabu eda.

Safari hii sikuuliza nani fundi mzuri,
maana kila mtu ana shemeji.
Niliwauliza madereva, mmoja mmoja, kwenye mizani:
"Nani alikufungulia difu, na hujarudi kwake?"
Wakanitajia wale wanaorudiwa kila mwezi,
wacheshi, wenye kahawa.
Ila Chitanda wa lori la saruji
alikuna kidevu, akakuna tena.
"Yuko mmoja pale Mkuti. Nandonde.
Loo, nilishamsahau yule, mwaka wa tano huu."

Nandonde aliosha mikono kabla ya kushika.
"Oili ya zamani iko wapi? Nataka kuiona."
Ilimwagwa.
Akanitazama kama daktari
aliyeambiwa cheti cha mgonjwa kimewashiwa jiko.

Nilikuwa nimekuja na jozi yangu, boksi jipya,
plastiki haijachanwa.
Akapitisha tupa kwenye jino. Tupa ikauma.
"Chuma hiki ni bibo," akasema, akakirudisha bokisini
taratibu, asije akakiumiza.
Akavuta kutoka uvunguni mtumba wenye kutu,
krauni na pinyoni zimefungwa waya pamoja.
Tupa ikateleza kama juu ya kioo.
"Hawa walisagwa pamoja huko kiwandani, wakazoeana.
Ukimwoza mmoja kwa mgeni, watatafunana."
Nilicheka, mimi niliyeachwa mara mbili.
Yeye hakucheka. Alikuwa anazungumzia gia.

Siku nne.
Alipaka meno rangi ya njano, akazungusha,
akainama kuisoma alama
kama mtu asomaye barua ya mwanawe.
"Imegusa juu mno." Akafungua.
Akaongeza kibati chembamba, ganda la kitunguu.
"Sasa imegusa ncha." Akafungua.
Kijana wake akaguna; mimi nikaguna moyoni,
mnada ni Ijumaa, na leo Jumatano.
Mpaka alama ikakaa tumboni mwa jino,
katikati, imetulia.

"Itadumu?"
"Sizijui barabara zako.
Mzigo wako siujui pia, maana nyie mnadanganya uzito.
Tembea kilomita mia tano, urudi tumwage oili."

Nilirudi, nusu kwa hofu.
Kwenye sumaku ya kizibo palikuwa na wanja,
kijivu, laini. Akausaga kwa vidole,
akanipaka kiganjani.
"Kuna kinachokuchoma?"
Hakuna.
"Basi. Hiyo ni kuzoeana."

Huu msimu wa tatu.
Mteremko wa Ndanda nashusha kioo,
vumbi liingie litakavyo, nitege sikio nyuma yangu.
Hakuna kitu.
Pesa yote ile, nikidhani nanunua chuma.

Juzi mtu wa Lukuledi, difu mkononi mwake
imepasuka kama chungu,
akaniuliza fundi.
Nikafungua mdomo,
nikasimama hivyo, mdomo wazi, mkono hewani:
jina lake limenitoka.